Ushauri Niliompa Namba Sitini na Tatu

"Mwanangu, nimekupigia kukushukuru."

Hivyo ndivyo alivyoanza mama mkwe wangu mtarajiwa, Jumanne saa nne kasoro asubuhi, mimi nikiwa chumba cha walimu na chai yangu haijapoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeambiwa jana jioni, nikasema kukicha lazima nisikie sauti yake huyu binti. Wanawake wenye moyo kama wako wamebaki wachache sana."

"Ah, Mama, mimi tena."

"Wewe ndiyo. Mwingine angelia, angesusa, angesema chagua moja, mimi au hilo. Wewe umemwambia mwanangu aende."

Aende wapi? Mtu yeyote mwenye akili zake timamu angeuliza hapohapo. Mimi nikasema:

"Ni kawaida tu, Mama."

"Si kawaida hata kidogo. Miaka mitatu si mchezo."

"Ni kweli, Mama, si mchezo."

"Na harusi tutaisogeza mbele, au ninyi wenyewe mnasemaje?"

"Tutaona, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimeshamnunulia na sweta."

Akakata simu. Nikabaki naitazama. Miaka mitatu. Sweta. Harusi isogezwe. Na mwenye ruhusa, eti ni mimi. Nilijaribu kuviunganisha hivyo vitu vinne vikakataa kukaa pamoja, nikanywa chai yote bila kujua kama ina sukari.

Mwanawe ni mchumba wangu. Anafundisha hesabu, na wanafunzi wamempa jina la Kipeo. Mimi nafundisha uandishi, wananiita Madamu Wino kwa sababu ya kalamu yangu nyekundu isiyo na huruma. Kila likizo ndefu tunafanya kazi pamoja kwenye kozi ya wiki sita, ya kuwanoa vijana waliomaliza sekondari wanaotaka kuingia chuo kikuu. Asubuhi wanapigwa hesabu na sayansi, mchana wanakuja kwangu kujifunza kuandika barua za maombi. Tuna uchumba wa miaka miwili, na harusi tulikuwa tumeipanga mwezi wa kumi na mbili.

Nikamtumia Kipeo ujumbe: "Mama yako amenipigia."

Akajibu upesi, ingawa alikuwa darasani: "Najua. Hakuweza kujizuia. Asante mpenzi. Kila neno ulilosema nimeliweka moyoni."

Neno gani? Nilirudi nyuma kwenye simu nikasoma ujumbe wangu wote wa wiki nzima. Jumamosi nilimwambia aache kumaliza mkate wangu. Jumapili nilimwambia shati lake la bluu limechanika kwapani. Jumatatu nilimwambia shati lile lile bado limechanika. Hakuna hata mmoja wa kuwekwa moyoni.

Nikaandika: "Sawa."

Mnajiuliza kwa nini sikuuliza. Ngoja niwaambie, maana aibu yenyewe ilishanitoka. Mimi nililelewa kwenye nyumba ambayo mtoto mwema ni yule asiyesumbua. Ukiulizwa unataka nini, jibu ni "chochote." Nimekua, nimesoma, napokea mshahara, na bado mtu akiniuliza ninywe soda gani nasema "yoyote," kisha akiniletea ya chungwa nanuna. Halafu kuna kitu kingine: mtu akishakusifu kwa jambo, unaona vibaya kumwambia hulijui.

Sijamaliza hata kuosha kikombe, akaingia Mkuu wa kozi. Ni mama mwembamba ambaye miwani yake huwa kichwani, na huwa anaitafuta.

"Madamu Wino, nimesikia. Hongera."

"Asante, Mkuu."

"Mimi mume wangu alipopata kazi mbali, pasipoti yake niliificha ndani ya gunia la mchele wiki nzima. Wewe una roho ya peke yako."

"Tunajitahidi."

"Sasa nisaidie. Kipeo akiondoka mwezi wa tisa, kozi ijayo hesabu nimpe nani? Kwanza chuo chao kinafungua tarehe ngapi?"

"Nadhani mwanzoni mwanzoni."

"Na ni takwimu anayokwenda kusomea, au ile nyingine?"

"Ile nyingine," nikasema, kwa uhakika wote.

"Ahaa. Umeiona miwani yangu?"

"Iko kichwani, Mkuu."

Basi ndipo nilipojua. Mchumba wangu anakwenda kusoma chuo cha mbali, miaka mitatu, anaondoka baada ya wiki saba, na mtu wa mwisho kuambiwa ni mimi niliyemruhusu. Nilitoka pale na kitambaa cha vyombo bado mkononi.

Nilimngoja nje ya darasa mpaka kengele ikalia. Vijana wakatoka wakinisalimia, mmoja mmoja, na kila "shikamoo Madamu" nikaiitikia kama mtu anayelipa nauli. Alikuwa anafuta ubao. Aliponiona akatabasamu tabasamu la mtu mwenye amani, nikazidi kuchanganyikiwa, maana mwongo huwa hatabasamu vile.

"Umepata nafasi chuo," nikasema.

"Unaniambia au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Akacheka. "Bibie, si wewe mwenyewe umeniambia niende?"

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa na karatasi za kusahihisha mpaka machoni. Hatukuonana hata wakati wa chakula."

"Ndiyo. Kwenye karatasi."

Nikamtazama. Akanitazama. Nikaona tabasamu linaanza kumtoka, taratibu, upande mmoja kwanza.

"Karatasi gani?" nikauliza.

Hapa lazima nisimame niwaeleze utaratibu wetu. Kabla kijana hajaandika barua ya maombi ya chuo, kozi yetu inamtaka aandike kwanza ukurasa mmoja tu wa kujibu swali hili: ni nini kinachokuzuia kwenda? Tunauita ukurasa wa ukweli. Haandiki jina. Anauchapa kwenye chumba cha kompyuta ili mwandiko usimsaliti, na anachota namba ndani ya boksi ili hata Mkuu asijue nani ni nani. Namba zenyewe zinarukaruka, kwa hiyo karatasi ikizidi hakuna atakayejua. Kazi yangu ni kuzisoma zote na kuandika chini ushauri, bila kuremba, kwa sababu namjibu mtu nisiyemjua. Siku inayofuata zinapangwa maktaba, kila mmoja anaokota yake. Kazi hiyo nimeifanya miaka minne na naipenda kuliko zote.

Wiki ile aliyesimamia chumba cha kompyuta alikuwa Kipeo.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Namba sitini na tatu.

"Nimepata nafasi kwenye chuo cha mbali, miaka mitatu," ilisema. "Kinachonizuia si masomo. Kuna mtu. Mtu huyo ukimuuliza jambo husema sawa, halafu hununa siku tatu, na siku ya nne hupiga pasi kila nguo iliyo karibu, mpaka leso. Sijawahi kumsikia akisema nataka. Nikimwambia habari hii atasema sawa, nami sitajua sawa hiyo imetoka moyoni au imetoka kwenye adabu. Naogopa kwenda. Na naogopa kubaki, halafu siku moja nimlaumu."

Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe:

"Namba 63, sentensi zako ni fupi na safi, endelea hivyo. Sasa tuje kwenye ukweli. Mtu huyo usidanganyike na upole wake, ni kiburi. Anakuachia wewe uamue peke yako ili kesho apate wa kumlaumu. Hata ukimngoja miaka kumi hatakwambia anachotaka. Nenda. Kama anakupenda atajifunza kusema. Na hizo leso mwambie aache."

Nikasoma mara mbili. Mara ya pili nilianzia kwenye leso.

"Nilidhani ni mtoto anaandika habari za mama yake," nikasema.

Kipeo akakaa juu ya dawati. "Hukujijua?"

"Ningejijuaje?"

"Leso, mpenzi. Nani mwingine anapiga pasi leso?"

"Watu wengi wanapiga pasi leso."

"Nitajie mmoja."

Nikafikiri. Sikumpata.

"Mimi niliposoma majibu yako nililia," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nilisema, huyu mwanamke amejitambua, amejikosoa mwenyewe kwa mkono wake, na bado ameniambia niende. Nikaona sistahili. Nikawajibu chuo siku ileile."

"Umewajibu."

"Ijumaa saa sita mchana. Ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukubali nafasi."

"Na kuanzia Ijumaa hadi leo hukunitamkia."

"Nilidhani tumeshaelewana. Nilidhani ndivyo ulivyotaka, tuseme kwanza kwa karatasi, kwa mdomo baadaye. Jumamosi si ulinitazama ukatabasamu?"

"Ulikuwa na chaki sikioni."

Nje vijana walikuwa wanabishana kuhusu swali la tano. Mimi nilikuwa sijui nishike lipi. Nikitaka kumkasirikia yeye, macho yanarudi kwenye wino mwekundu. Nikitaka kujikasirikia mimi, naikumbuka sweta.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" nikasema mwishowe. "Nina masikio. Kwa nini upitie kwenye karatasi za watoto kama mtu anayevizia?"

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Nikaigeuza karatasi, nyuma ilikuwa tupu.

"Ungesema sawa," akasema.

"Kwa hiyo ukaniibia jibu."

"Nilitaka jibu la kweli, hata mara moja."

"Lile halikuwa lako. Nilimjibu mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu unampa ukweli," akasema polepole. "Mimi je, unanipa nini?"

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Yalijipanga yote, mazuri kabisa, yenye vituo na aya. Nikaikunja karatasi, nikamrudishia, nikasema:

"Sawa."

Nikaondoka.

Jumatano aliniandikia: "Umekula?"

"Ndiyo."

"Tuongee?"

"Nina kazi."

Alhamisi akaandika: "Nikikosea niambie nimekosea wapi. Nitukane basi, nitafurahi."

"Hakuna tatizo," nikajibu.

Nawaambia wazi, sijawahi kuvurugwa kichwa namna ile. Kwenye ugomvi wa kawaida kuna aliyekosa na aliyekosewa, hata kama mnabishana nani ni nani. Wangu mimi ulikuwa umeharibika. Nikisema Kipeo amenizunguka, ni kweli amenizunguka. Lakini nikiukumbuka ule ushauri, nilikubaliana nao neno kwa neno, na kama angetokea kijana mwingine na kisa kilekile ningeuandika tena. Nilitaka asiende, kisha nikafikiria amebaki kwa ajili yangu, amekaa ananitazama kila jioni, nikataka aende. Akienda nitakufa, akibaki nitamwona amekufa yeye. Ijumaa asubuhi nilijishtukia nimewasha pasi, na mbele yangu kuna leso.

Nikaizima. Nikaenda kazini na sketi yenye mikunjo.

Siku hiyo baada ya kipindi, msichana mmoja alibaki nyuma. Darasa zima linamwita Daktari. Akafunga mlango, akasimama mbele ya meza yangu.

"Madamu, mimi ndiye namba kumi na tisa."

"Hutakiwi kuniambia hilo."

"Najua. Lakini nataka ujue yaliyotokea. Baba alianza kuniita Daktari nikiwa na miaka minne. Wewe uliniandikia nimwambie uso kwa uso kwamba sitaki udaktari, nataka kusoma upimaji wa ardhi. Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Siku mbili hakusema kitu. Alikuwa anapita tu akikohoa. Leo asubuhi akaniuliza, hao wapima ardhi kile chombo cha miguu mitatu wanachungulia nini mle. Bado amekasirika. Lakini ameuliza."

"Uliogopa?"

"Nilitapika kwanza." Akainamisha macho, akayainua. "Madamu, wewe ulijifunzia wapi kusema mambo hivyo? Maana ushauri wako unaonyesha kabisa huogopi mtu."

"Sijajifunza bado," nikamwambia.

Akadhani namtania, akacheka kwa heshima, akaaga. Nilikaa pale dakika moja nikimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na minane. Kisha nikainuka kabla sijabadili nia.

Nilimkuta Kipeo chumba cha kompyuta, anafunika mashine kwa vitambaa vya vumbi kwa ajili ya mwisho wa wiki. Alikuwa peke yake. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri, na shati ni lile la bluu, kwapa liko vilevile.

"Niulize," nikasema.

"Nikuulize nini?"

"Kile ulichoiuliza karatasi. Niulize mimi, hapa, nikikusikia."

Akaweka kitambaa chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akasimama wima kabisa.

"Nimepata nafasi ya kusoma mbali, miaka mitatu. Unataka niende?"

Neno sawa likaja lenyewe mpaka kwenye meno. Nililisikia. Nikalimeza, likashuka vibaya, machozi yakanitoka kabla ya sauti.

"Sitaki."

Hakusogea.

"Sitaki uende," nikasema. "Sitaki hata kidogo. Sitaki miaka mitatu ya simu zinazokatikakatika. Sitaki kusikia umeugua na mimi niko huku. Sitaki harusi isogezwe, na sitaki mama yako anishukuru kwa kitu ambacho sijakitoa. Nataka ukae hapahapa, umalize mikate yangu, nikushonee hilo shati. Nataka hivyo. Umeniuliza, nimekujibu."

Akavuta kiti akakaa.

"Nimeshakubali nafasi," akasema.

"Najua."

"Unataka niwaandikie nijitoe?"

"Sijui."

"Bibie."

"Sijui kweli. Usinilazimishe kujua vitu viwili siku moja. Umeniuliza ninachotaka, hukuniuliza ufanye nini. Sasa zamu yako. Wewe unataka nini?"

Yeye naye akaokota kitambaa, akaanza kukikunja. Nikagundua kwamba miaka miwili namlalamikia moyoni kuwa hanijui, na mimi swali hilo sikuwahi kumuuliza.

"Nataka kwenda," akasema. "Nilipata nafasi nikiwa na miaka kumi na tisa, baba akaanguka, nikasema mwaka ujao. Nikasoma ualimu hapa nyumbani, wadogo zangu wakasoma, miaka ikapita. Kila likizo nawachukua vijana hawa, nawapeleka mpaka mlangoni pa chuo, wanaingia, mimi narudi. Miaka minane narudi. Nataka kuingia na mimi."

Hakuwahi kuniambia hayo. Nilijua baba yake aliugua, nilijua alisomesha wadogo zake, lakini ule mlango sikuwahi kuuona. Nilimsogelea nikamshika kichwa, akakiegemeza tumboni mwangu.

"Kwa hiyo wewe unataka kwenda na mimi sitaki uende," nikasema.

"Ndiyo."

"Sasa tunafanyaje?"

"Hesabu ya namna hii haina jibu."

"Mwalimu mzima."

Akacheka, nami nikacheka na kamasi zangu. Tulikaa hivyo. Halafu akasema, bado hajainua kichwa:

"Samahani. Ule ulikuwa ujanja. Hata kama ningepata jibu zuri namna gani, haikuwa haki kukupima bila kukwambia unapimwa."

"Ni kweli, haikuwa haki. Nimekasirika na bado nimekasirika. Na mimi samahani kwa miaka miwili ya sawa."

"Nimekusamehe jana. Zile 'hakuna tatizo' ndizo bado."

"Kipeo, kuna kitu kimoja tunakitaka wote."

"Kipi?"

"Harusi. Sitaki isogezwe mbele, nataka irudishwe nyuma. Iwe kabla hujaondoka. Uende ukiwa mume wangu. Na usije ukamwambia mtu nimekuruhusu, maana sijakuruhusu. Unakwenda na mimi sitaki, na nakuoa hivyohivyo."

"Unanioa?"

"Nitakuoaje ukiwa hupo? Amka, nipe simu."

Nilimpigia mama yake mwenyewe, mbele yake, kabla moyo haujapoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako imekuwaje?"

"Mama, Jumanne nilikudanganya. Sikujua chochote. Uliposema nimemruhusu, sikujua hata anakwenda wapi. Nimejua baadaye. Na Mama, unisamehe, mimi sitaki aende."

Nikasikia upande wa pili redio ikizimwa.

"Hutaki?" akasema.

"Sitaki, Mama."

"Afadhali. Mimi pia sitaki."

"Mama?"

"Ile sweta nimeinunua nalia dukani, mwenye duka akanipunguzia bei. Lakini nikasema, kama mchumba wake ameweza kumwachia, mimi mama nitaonekanaje nikikataa? Nikaona nikupigie nikushukuru, ili na mimi nipate nguvu."

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti. Kipeo akasikia yote, akaziba uso kwa kitambaa cha kompyuta.

"Sasa hataenda?" mama akauliza.

"Ataenda, Mama. Yeye anataka."

"Basi anakwenda na wote hatutaki."

"Ndivyo ilivyo."

"Mh," akasema. Akafikiri. "Angalau sasa nitalia na mtu."

Tulipeleka majina kwa msajili wa ndoa Jumatatu yake. Tangazo likakaa ubaoni siku ishirini na moja, kozi ikaisha, vijana wakatawanyika kila mmoja na barua yake. Asubuhi ya ndoa yetu tulikuwa watu saba kwenye chumba chenye mafaili mpaka dirishani. Mkuu alisimama kama shahidi wangu na alitia sahihi kwa miwani ya kuazima.

Msajili alikuwa mzee wa haraka, na nje kulikuwa na wengine wanangoja. Akamuuliza Kipeo kama anakubali, Kipeo akasema ndiyo. Akanigeukia.

"Na wewe, unakubali kuolewa naye kwa hiari yako mwenyewe?"

"Ndiyo, nakubali," nikasema. "Ila sitaki aende."

Kalamu ya msajili ikasimama. Akanitazama, akawatazama mashahidi, akaitazama fomu kana kwamba huenda ina sehemu ya jambo hilo.

"Aende wapi?"

"Kusoma. Jumatano."

"Sasa binti yangu, mimi niandike nini?"

"Andika ndiyo, mzee," Kipeo akasema, na mkono wake ukaushika wangu chini ya meza. "Hilo lingine ni letu."

Akaandika ndiyo.

Jumatano nilimsindikiza na mama yake uwanja wa ndege. Sweta alikuwa ameivaa, na jua lilikuwa linawaka. Mama alilia upande ule, mimi nikalia upande huu, mbele za watu, bila kujificha. Kipeo alipofika kwenye mstari wa kukagua tiketi akarudi mara moja, akaniinamia.

"Sema tena," akaniambia.

"Sitaki uende."

"Nakusikia, mke wangu," akasema, akanibusu, akaenda.